Kiswahili nina B, Kiingereza D: je, nikariri insha za vitabu?

*"Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne, shule ya kata wilayani Ilemela, naishi Kayenze. Kwenye mtihani wa utamilifu (mock) nimepata D ya Kiingereza, na kilichoniangusha ni insha za vitabu: kwenye tamthiliya nilipata alama 4 kati ya 15. Mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba nasimulia hadithi. Sielewi, maana yote niliyoandika yamo kitabuni. Cha ajabu Kiswahili nina B, na uhakiki wa vitabu naupenda. Nina kitini chenye hoja zote za The Lion and the Jewel na The Black Hermit, pamoja na insha zilizokwisha kuandikwa. Wenzangu wanasema nikariri hizo tu kwa sababu zimebaki wiki tisa. Halafu mama anaanika dagaa, kwa hiyo asubuhi na jioni namsaidia. Kiingereza changu ni kibovu. Nikariri, nilipe twisheni, au nisome vitabu vyenyewe? Bado naweza kupata C?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi, lakini ninavyokusoma, hofu yako ni moja: unaona Kiingereza chako hakitoshi, kwa hiyo unataka kuingia kwenye mtihani na maneno ya mtu mwingine. Nakujibu moja kwa moja. Usikariri insha. Soma tamthiliya hizo mbili zenyewe, ndogo ndogo, na uanze kuandika aya zako mwenyewe wiki hii hii. Na C inawezekana kabisa. Sisemi hivyo kukufariji. Nasema kwa sababu ya ile B yako ya Kiswahili.

Itazame vizuri hiyo B. Unapohakiki riwaya au tamthiliya ya Kiswahili unafanya nini? Unatoa hoja, unaitetea kwa tukio la kitabuni, unaeleza tukio hilo linathibitishaje hoja, kisha unakwenda hoja nyingine. Dhamira, wahusika, migogoro, mandhari, lugha: fani na maudhui yote hayo unayajua. Karatasi ya Kiingereza inakudai kazi ile ile. Uwezo wa kuhakiki unao tayari. Kinachotokea ni kwamba ukiona swali la Kiingereza unashikwa na woga, unaacha kuhakiki na kukimbilia kile unachokikumbuka kwa mpangilio wake, yaani hadithi tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana mwalimu wako ameandika alichoandika. Hakusema umedanganya. Amesema umemweleza kilichotokea, wakati swali liliuliza kilichotokea kinaonyesha nini.

Nikuonyeshe tofauti hiyo kwa kitabu chako cha The Lion and the Jewel. Tuseme swali linataka ujadili mgongano wa mila na usasa. Mtahiniwa wa kwanza anaandika: Baroka alikuwa chifu wa Ilujinle, alitaka kumwoa Sidi, binti mrembo wa kijiji, Sidi akakataa, Baroka akamdanganya Sadiku, mke wake mkubwa, kwamba nguvu za kiume zimemwisha, Sidi akaenda kumcheka, mwisho wakaoana. Yote ni kweli. Ila msahihishaji anayajua hayo, na hakuna hata sentensi moja inayojibu swali.

Wa pili anaandika hivi: "Baroka hapingi kila kitu kipya, anapinga kile kitakachompunguzia mamlaka. Anamhonga mpimaji ili reli isipite kijijini, lakini nyumbani kwake ana mashine ya kutengenezea stempu, na anaitumia kumshawishi Sidi kwa kumwahidi kwamba sura yake itachapwa juu ya stempu hizo. Hii inaonyesha kwamba katika tamthiliya hii mila na usasa ni silaha mikononi mwa watu, na anayejua kuzitumia zote mbili ndiye anayeshinda." Sentensi tatu. Hoja, ushahidi wenye jina na kitendo, kisha maelezo. Ukiziandika kwa Kiingereza cha kawaida kabisa, hata ukikosea wakati wa kitenzi mahali pamoja, umejibu swali. Ukipata aya tatu au nne za namna hiyo kwa kila kitabu, D haitakuwa yako tena.

Sasa kuhusu kitini. Sikatai kwamba kina hoja sahihi. Ubaya uko kwenye namna mnavyokitumia. Anayekariri insha anahifadhi mfuatano wa maneno, wala si maana yake, na mfuatano huo unategemea swali lije kama lilivyoandikwa. Wewe umekulia ufukweni, utanielewa nikisema insha iliyokaririwa ni wavu wa sangara: tundu zake zimefumwa kwa samaki wa ukubwa mmoja, na siku ziwa likikuletea dagaa, wote wanapita. Umekariri mgongano wa mila na usasa, mtihani unauliza nafasi ya mwanamke, au unauliza kama mwisho wa tamthiliya ni wa haki kwa wahusika wake. Hapo wengi huandika insha ile ile ya mila na usasa, wakatia jina la swali kwenye utangulizi na hitimisho. Msahihishaji anaiona tangu aya ya kwanza, na zaidi ya hapo anakutana nayo kwa watahiniwa wengine waliosoma kitini hicho hicho.

Lipo jambo jingine kuhusu kumbukumbu ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi. Kusoma kitini mara nyingi kunakupa hisia kwamba umeelewa, na hisia hiyo inadanganya. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja tu, kisha likafunika karatasi na kujaribu kuandika kila linachokumbuka, mara tatu. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61 hivi, na waliorudiarudia kusoma asilimia 40. Ubongo unashika zaidi kile ulicholazimika kukivuta wenyewe bila msaada. Kwa hiyo daftari lililofunikwa lina faida kuliko kitini kilichofunuliwa, hasa kama mtihani uko wiki tisa mbele na si kesho asubuhi.

Soma, basi, vitabu vyenyewe. Tamthiliya hizi ni fupi. The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka inatokea ndani ya siku moja, na sehemu zake tatu ni asubuhi, mchana na usiku. The Black Hermit ya Ngugi wa Thiong'o ina matendo matatu: kijijini, mjini, kisha kurudi kijijini. Kurasa kumi kwa siku zinakumalizia zote mbili mapema. Usisimame kwenye kila neno gumu, maana hapo ndipo kamusi inapokuchosha. Soma ukurasa mzima kwanza, pigia mstari maneno yaliyokuzuia kabisa kuelewa nani anataka nini, halafu tafuta hayo matatu au manne tu. Ukifika mwisho wa ukurasa jiulize kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kama ndicho kinachokujia haraka: nani alitaka nini hapa, nani alimzuia, na nini kimebadilika?

Kuna walimu watakaokukataza kufikiri kwa Kiswahili unapojiandaa kwa Kiingereza. Mimi nasimama upande mwingine. Elewa kwanza kwa lugha unayoimudu, panga hoja zako kwa lugha hiyo, kisha ziandike kwa Kiingereza. Ng'ambo ya maji yenu, Ukerewe, Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe kwanza, na baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Kuanza na lugha ya nyumbani hakukumpunguzia chochote. Ila nikutahadharishe: panga kwa Kiswahili, lakini usiandike sentensi ndefu ya Kiswahili halafu ukaigeuza neno kwa neno, kwa maana hapo Kiingereza kitavunjika. Igawe hoja iwe vipande vifupi. Sentensi ya Kiingereza yenye maneno kumi iliyonyooka inakupa alama kuliko ya maneno thelathini iliyopotea njia. Yale maneno mazito ambayo wenzako wanayakusanya kwenye madaftari hayana alama zake peke yake. Yenye faida ni yale madogo yanayounga hoja na ushahidi: "because", "for example", "this shows that", "however". Ukiyamudu hayo, aya yako inasimama.

Sasa chagua matukio machache uyajue kwa undani. Hapa ndipo ningetaka utumie muda wako mwingi kuliko mahali pengine popote. Usitafute hoja ishirini. Tafuta matukio sita kwa kila tamthiliya, na kila tukio uligeuze uone linaweza kujibu maswali gani.

Chukua suala la mahari kwa Lakunle. Mwalimu huyu anamtaka Sidi lakini hataki kulipa mahari. Anaiita desturi ya kishenzi. Sidi anamjibu kwamba hawezi kuolewa bila mahari, watu watasema hakuwa bikira, atakuwa kichekesho kijijini. Sasa nenda hadi mwisho wa tamthiliya. Sidi ameshalala kwa Baroka, si bikira tena, na Lakunle bado yuko tayari kumwoa, tena anaona kwamba suala la mahari sasa limekwisha lenyewe. Tazama tukio hilo linavyofanya kazi. Swali la mila na usasa, unalo. Swali la nafasi ya mwanamke, unalo: heshima ya Sidi kijijini imefungwa kwenye ubikira wake na kwenye kile kitakacholipwa kwa ajili yake. Swali la unafiki wa wasomi, unalo tena zuri, maana msomi anayepinga mila kwa hotuba ndefu ndiye huyo huyo anayenufaika pale mila inapomwachia mwanya. Swali la tabia za Lakunle, hilo halihitaji maelezo. Ukiwa na tukio moja ulilolielewa hivi, mtihani hauwezi kukushangaza kirahisi.

Kwenye The Black Hermit fanya hivyo hivyo na Remi. Ni mtu wa kwanza wa kabila lake kufika chuo kikuu. Baada ya kaka yake kufariki, desturi na matakwa ya baba yake vinamsukuma kumwoa mjane, Thoni. Anakubali, kisha anakimbilia mjini na kumwacha. Kijijini wazee wanatuma dawa ili arudi, mchungaji anakwenda na Biblia ili arudi, na kila upande unamtaka kwa manufaa yake. Anaporudi anawakemea wote hadharani kwa ukabila, kwa mila, kwa dini, na mengi anayosema ni ya haki. Lakini katika hasira hiyo hajamtazama Thoni hata mara moja, na Thoni anajiua. Ndipo Remi anapojua, kwa barua, kwamba mwanamke huyo alimpenda. Je, Remi ni mkombozi au ni mhalifu? Wanafunzi wengi wanataka niwape jibu. Mimi nataka uchague upande wako na uutetee kwa kitabu, kwa sababu hivyo ndivyo maswali ya "discuss" na "justify" yanavyokutaka. Anayesema mkombozi na anayesema mhalifu wote wanaweza kupata alama nzuri. Anayekosa ni yule asiyeshika upande wowote na kumaliza kwa kusema jamii inapaswa kuelimishwa.

Nina jambo la kukuomba kuhusu tamthiliya hii. Ilichezwa kwa mara ya kwanza Kampala, Novemba 1962, Uganda ikisherehekea uhuru wake, na mwandishi alikuwa bado mwanafunzi Makerere. Kijana wa chuo aliyekaa upande wa pili wa ziwa lako aliwauliza wazazi na viongozi waliokuwa wakishangilia: huyu msomi mnayemngoja, mnamtaka wa nini? Soma ukiwa na swali hilo kichwani, halafu muicheze na wenzako. Mmoja awe Remi, mwingine Nyobi mama yake, mwingine mchungaji. Tamthiliya iliandikwa ili isemwe kwa sauti, na mstari uliousema mwenyewe hausahauliki upesi.

Wewe una faida ambayo mtoto wa mbali na Usukuma hana. Ng'ombe wa mahari unawajua, na mazungumzo ya wazee kuhusu binti aliyesoma unayasikia nyumbani. Tumia hayo kuelewa kwa nini Sidi anang'ang'ania mahari. Kwenye karatasi, hata hivyo, yatumie pale tu swali linapouliza uhusiano wa kitabu na jamii yako. Swali likiuliza kitabu, ushahidi utoke kitabuni.

Ushairi sitauzungumzia sana leo, kwa kuwa hukuuliza. Shairi lisome mara tatu kabla hujaandika chochote, na ujue nani anasema, anamwambia nani, na hisia yake inageuka wapi. Majina ya tamathali za semi yaje baadaye.

Kuhusu muda na dagaa. Usijipangie ratiba ya mtoto asiye na kazi, utaivunja siku ya tatu na kukata tamaa. Panga kwa mwezi wa angani, kama mama yako anavyopanga. Siku za giza mitumbwi inatoka, mzigo ni mkubwa, na wewe uko juani unaanika na kugeuza. Siku hizo usijidai kuandika insha. Mikono ikiwa kwenye dagaa, kichwa kijipime: nisimulie ugomvi wa Sidi na Lakunle bila kitabu, kisha niseme unaonyesha nini. Usiku andika aya moja tu, sentensi nne au tano. Mbalamwezi ikija wavuvi wanapumzika na wewe unapata nafasi. Hapo ndipo uandike insha nzima ukijipima muda kwa saa. Mtihani ni saa tatu, yaani dakika 180, kwa alama 100, kwa hiyo swali la alama 15 lina dakika 27 zake. Tano za mwanzo panga hoja pembeni ya karatasi, kwa Kiswahili kama unataka, halafu uzifute kwa mstari. Katika wiki tisa mwezi mpevu utakuja angalau mara mbili. Ukitoa insha nne au tano kila mara na zikasahihishwa, umefanya mazoezi kuliko wengi.

Zungumza na mama pia. Usimwambie huwezi kazi. Mwambie wiki tatu za mwisho utaomba jioni zako, na asubuhi utaendelea kumsaidia. Wazazi wengi wa ufukweni ninaowajua hukubali ombi lenye tarehe, kuliko malalamiko.

Twisheni nayo inategemea inafanya nini. Kama ni chumba chenye wanafunzi sitini na mtu anayesoma hoja ubaoni mkaandika, hicho ni kitini kingine unachokilipia, nauli ya daladala juu. Kama ni mtu anayesoma insha yako na kukuonyesha ni sentensi gani haina ushahidi, lipa ukiweza. Ila huduma hiyo hiyo mwalimu wako anaweza kukupa bure. Kitini kitumie baada ya kusoma kitabu: funika, andika hoja zako, kisha fungua ulinganishe. Hoja yake usiyokuwa nayo, irudie kitabuni uone ushahidi uko wapi. Na maswali ya miaka iliyopita yako kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Taarifa hizo zinaonyesha majibu halisi, mazuri na mabaya, na kueleza kwa nini yalipata yalichopata. Kama nyumbani hakuna bando, mwombe mwalimu mwenye kompyuta akupakulie. Orodha ya vitabu na muundo wa mtihani uthibitishe kwa mwalimu wako wa mwaka huu, maana mitaala inabadilika na daftari la kaka aliyemaliza zamani linaweza kukupoteza.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kuyatibu kwa maandishi. Kama ukisoma ukurasa mara mbili na bado huwezi kusema nani anazungumza na nani, shida imetangulia fasihi, na unahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana asome na wewe kwa sauti, hata kama ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Kama herufi zinacheza au kichwa kinauma kila ukisoma, hasa usiku kwa taa hafifu, nenda ukapimwe macho kabla ya kujiita mzito. Na kama woga umefika mahali usingizi umekatika, au unakaa mbele ya karatasi na akili inakuwa tupu kabisa, mwone mwalimu wa ushauri na unasihi shuleni kwenu wiki hii, usingoje Novemba.

Kesho andika aya mbili: moja kuhusu mahari ya Lakunle, moja kuhusu Remi na Thoni. Zipeleke kwa yule yule mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Usimwulize umepata ngapi. Mwombe apigie mstari kila sentensi inayosimulia tu, kisha uziandike upya hizo mbele yake.